Jina la Zahanati Lisiishie Mdomoni mwa Mama

Barua ya wazi kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Dodoma, na Mtakwimu Mkuu wa Serikali, Zanzibar

Ndugu Watakwimu Wakuu,

Katika dodoso la wanawake la Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria, mdadisi humuuliza kila mama aliyezaa miaka ya karibuni: mtoto huyu ulijifungulia wapi? Mama hajibu kwa mafungu ya kitakwimu. Hutaja mahali: zahanati ya kijiji fulani, hospitali ya misheni, "kwa masista", au kituo ambacho watu wamekipa jina la mganga aliyekaa pale miaka mingi. Mdadisi husikia jina hilo, kisha hutafuta fungu linalolingana nalo, iwe hospitali ya serikali, kituo cha afya, zahanati, shirika la dini au binafsi, akaweka alama. Mstari wa kuandika jina la mahali umo kwenye dodoso, ila una masharti yake: uandikwe pale tu mdadisi anaposhindwa kutambua kituo kile ni cha nani. Fungu likishajulikana, jina halina kazi tena, na halifiki kwenye faili la takwimu ambalo wizara, halmashauri na watafiti hulitumia. Yaani taarifa imetolewa kwa hiari, imesikika, halafu imeachwa ipotee. Naandika kuwaomba ninyi, ambao sheria imewakabidhi takwimu rasmi za nchi hii, muiokoe taarifa hiyo. Kituo kinachotumiwa na kaya kiingizwe kwenye faili kwa namba yake ya sajili, na kituo hicho nacho kipimwe katika msimu uleule kaya inapopimwa.

Tuanze na tunachokijua. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya watoto walizaliwa katika vituo vya kutolea huduma za afya, kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015–16. Wajawazito waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi waliongezeka kutoka asilimia 51 hadi 65. Vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti uliotangulia ulikadiria 556. Haya ni mafanikio makubwa, na wauguzi na wakunga waliokesha kwenye wodi za wazazi wanastahili shukrani zetu. Lakini asilimia 81 ni hesabu ya waliofika. Mama aliyejifungulia zahanati yenye muuguzi mmoja, isiyo na maji na iliyoishiwa oksitosini, anahesabiwa sawasawa na mama aliyejifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu. Na kuhusu wale 19 katika kila 100 ambao hawakufika, faili la kaya haliwezi kutuambia kama zahanati ya karibu ilikuwa imefungwa usiku ule, kama mkunga alikuwa amehamishwa bila mwingine kuletwa, au kama kila kitu kilikuwapo na bado familia ikaamua kubaki nyumbani. Hata kule kushuka kutoka 556 hadi 104 kunadai maelezo. Je, ni upasuaji wa dharura ulioshushwa hadi vituo vya afya? Ni barabara na usafiri wa rufaa? Ni ubora wa huduma ndani ya vituo, au ni wingi tu wa waliofika? Kila jibu lina mpango wake wa bajeti, na kwa faili la kaya peke yake hatuwezi kuchagua jibu mojawapo kwa ushahidi.

Upande wa pili wa takwimu una upungufu uleule kwa sura nyingine. Tathmini ya utoaji huduma ya 2014–15 iliingia katika vituo 1,188, ikahesabu vifaa, dawa na watumishi, ikatazama hata namna mgonjwa anavyohudumiwa. Tathmini ya nyota ya 2015–16, iliyovipa vituo nyota kulingana na ubora wa huduma, ilikwenda mbali zaidi: ilipita karibu vituo vyote vya afya ya msingi vya Tanzania Bara na kukuta zaidi ya theluthi moja havistahili hata nyota moja. Iliporudiwa 2017–18, vituo vya namna hiyo vilikuwa vimepungua hadi takribani asilimia 4. Ni mabadiliko ya kutia moyo. Hata hivyo, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama kaya zinazokaa jirani na zahanati iliyotoka sifuri hadi nyota mbili zilianza kuitumia zaidi, kama watoto wa kaya hizo walipata chanjo zote, au kama waliofaidika ni maskini wa kijiji au wale ambao tangu hapo walikuwa na nauli ya kwenda mjini. Takwimu za nyota zinajua namba ya kila kituo. Takwimu za kaya hazijui. Basi mafaili mawili yaliyogharimu fedha nyingi yamelala kwenye kabati moja bila kusemeshana.

Nitaambiwa kwamba tunayo MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma zinazotolewa vituoni, na kwamba tangu vitabu vyake vilipounganishwa na mfumo wa kompyuta wa DHIS2 kila halmashauri inaona huduma zake mwezi hadi mwezi. Ni kweli, na ni hazina. Ila MTUHA huandika aliyefika. Asiyefika hana mstari kwenye rejesta. Mtoto aliyeugua homa akapewa dawa za duka la mtaani, au akapona mwenyewe, au akafa nyumbani, haonekani humo. Aidha, ili kupata asilimia ya chanjo au ya waliojifungulia kituoni, MTUHA hulazimika kugawanya kwa idadi ya watu inayokadiriwa kwa eneo linalohudumiwa na kituo, na makadirio hayo ndiyo yanayoleta maajabu ya chanjo kuvuka asilimia 100 katika wilaya moja huku jirani yake ikibaki nyuma, kwa sababu tu akina mama wamevuka mpaka kufuata huduma bora. Kasoro hiyo haiwezi kurekebishwa na takwimu za kituo pekee. Dawa yake ni kaya itakayosema ilikwenda wapi.

Hata kipimo chenu cha umaskini kinaguswa na jambo hili, na hapa naomba tutue kidogo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017–18 ulikuta asilimia 26.4 ya wananchi wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Utafiti wa namna hiyo huuliza kaya ilitumia kiasi gani kwa matibabu. Fikirini kaya iliyojibu sifuri. Sifuri hiyo inaweza kumaanisha hakuna aliyeugua. Inaweza kumaanisha mtoto alitibiwa bure kwenye zahanati, kama sera inavyotaka. Inaweza pia kumaanisha kwamba mtu aliugua sana na kaya haikuwa na senti ya kumpeleka popote. Sasa fikirini kaya ya pili, iliyotumia shilingi nyingi kwa dawa kwa sababu zahanati ya kijiji ilikuwa imeishiwa, ikabidi wanunue duka la dawa la mjini. Pale matumizi ya afya yanapojumlishwa kwenye matumizi ya kaya, kaya hii itaonekana na hali nzuri kuliko jirani yake aliyepata dawa hizohizo bure. Upungufu wa dawa kwenye rafu ya serikali unageuka kuwa ustawi kwenye jedwali letu. Hakuna fomula itakayolisahihisha hilo bila mtu kujua rafu ile ilikuwa na nini mwezi ule.

Ninachoomba si kigeni kwetu. Miaka ya 1990, Ofisi ya Takwimu ilipokuwa bado chini ya Tume ya Mipango, tafiti za kaya za 1991–92, 1996 na 1999 ziliambatana na ukaguzi wa vituo vilivyoyazunguka maeneo yaliyochaguliwa kwenye sampuli. Mkoani Kagera, kati ya 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizitembelea zaidi ya kaya 900 hadi mara nne ili kuelewa nini huipata familia mtu mzima anapofariki, wakati ukimwi ulipokuwa ukiteketeza mkoa ule. Pamoja na dodoso la kaya walikuwa na dodoso la jamii, la zahanati, la shule ya msingi, la bei za sokoni, na hata la waganga wa jadi. Ndiyo maana takwimu za Kagera zinatumika hadi leo. Kaya zilipotafutwa tena 2004, zaidi ya 9 katika kila 10 zilipatikana, na watafiti waliweza kuuliza maswali ambayo waanzilishi hawakuyafikiria, kwa kuwa mazingira ya kaya yalikuwa yameandikwa pamoja na kaya yenyewe. Karibu na siku zetu, mpango wa Uwezo umekuwa ukiwapima watoto kusoma na kuhesabu majumbani mwao, hapa Tanzania, Kenya na Uganda, na katika kila eneo kutembelea shule ya msingi ya serikali iliyopo ili kuona madawati, walimu na vyoo. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na vijana wa kujitolea. Ikiwa wao waliweza, taasisi yenye sheria, magari na wataalamu haiwezi kusema jambo hili halitekelezeki.

Kuhusu faida yake, mfano mzuri umo nchini mwetu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Wizara ya Afya na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Canada waliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji. Taarifa za magonjwa na vifo zilikusanywa kaya kwa kaya, kisha zikawekwa kando ya bajeti ya halmashauri na huduma za vituo. Ilibainika kwamba Morogoro, malaria ilisababisha takribani asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, ilhali mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya wilaya. Hakuna mganga mkuu wa wilaya aliyekuwa amekusudia hivyo. Ni kwamba aliyepanga bajeti aliziona hesabu za vituo, na aliyehesabu vifo aliziona nyumba, na karatasi hizo mbili hazikuwa zimewahi kukutana. Zilipokutana, mgao ulibadilishwa, kwa nyongeza ya fedha isiyofika hata dola moja ya Marekani kwa kila mkazi. Katika miaka mitano hivi iliyofuata, vifo vya watoto wa wilaya zile vilishuka kwa takribani asilimia 40. Sidai kwamba kushuka kote huko kulitokana na majedwali. Vyandarua vyenye dawa na mafunzo ya kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja vilienea miaka hiyohiyo. Lakini ni nani aliyezielekeza wilaya zile zianzie wapi, kama si ulinganisho huo?

Sasa niingie kwenye namna ya kuifanya, kwa maana hapo ndipo mawazo mazuri mengi hukwama. Njia rahisi ni kuchukua kaya na kuiunganisha na kituo kilicho karibu nayo zaidi kwenye ramani. Njia hiyo inavutia na ina hatari kubwa. Utafiti wa Kenneth Leonard na wenzake kule Iringa Vijijini, uliochapishwa 2002, ulionyesha wagonjwa wakiviacha vituo vya jirani na kwenda mbali kufuata ubora, na wakifanya hivyo kwa busara, kulingana na ugonjwa walio nao. Huko Kasulu, mkoani Kigoma, watafiti walikuta sehemu kubwa ya wanawake waliojifungulia vituoni walikuwa wamekipita kituo cha karibu. Kumhesabia mama wa Kasulu huduma ya zahanati aliyoikwepa ni kumsingizia. Kwa hiyo nasema kaya iwe na viungo viwili: kituo ilichokitumia hasa, na kituo kilicho karibu nayo, hata kama haikukanyaga pale. Tofauti kati ya viungo hivyo viwili ni takwimu kubwa peke yake. Inatuonyesha ni zahanati zipi wananchi wamezikataa kwa miguu yao, na ni akina nani waliobaki kuzitumia kwa kukosa nauli.

Ugumu wa majina nao unatatulika. Wizara ya Afya ina sajili ya vituo ambamo kila kituo kina namba. Wiki moja kabla ya wadadisi kuingia katika eneo la kuhesabia watu, msimamizi akae na mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, sheha kwa upande wa Zanzibar, pamoja na mhudumu wa afya wa jamii, waorodheshe vituo vyote ambavyo watu wa pale huvitumia, vikiwamo vya wilaya jirani, na mbele ya kila namba waandike majina ya mitaani. Orodha hiyo iingizwe kwenye kishikwambi. Mama akisema "kwa masista", mdadisi aguse jina na namba iingie yenyewe. Haitazidi nusu dakika kwa kila swali. Sensa ya 2022, iliyotuhesabu kuwa watu 61,741,120, ilikuwa tayari na dodoso la jamii lililowauliza viongozi wa maeneo kuhusu huduma zilizopo, kwa hiyo hatuanzi na ukurasa mtupu.

Kisha sampuli ya vituo itokane na sampuli ya kaya. Hili ndilo kosa la msingi la utaratibu wa sasa: utafiti wa kaya na tathmini ya vituo huchukua sampuli zao kila mmoja kivyake, hata unapokuta miaka imekaribiana, kama ilivyokuwa 2014–15 na 2015–16. Kaya za kijiji kimoja zikaingia, zahanati yao ikaachwa. Zahanati ya kijiji kingine ikakaguliwa, na hakuna kaya hata moja ya hapo iliyohojiwa. Malawi mwaka 2013–14 na Haiti mwaka 2013 zilikwepa tatizo hilo kwa kukagua vituo vyote nchini, na ndiyo maana tafiti nyingi za kuunganisha takwimu zinatoka huko. Tanzania ina maelfu ya vituo na gharama hiyo ni nzito. Lakini kukagua vituo vilivyotajwa na kaya zilizohojiwa, pamoja na vile vya jirani, ni kazi ya ukubwa unaokaribiana na tathmini tuliyoizoea. Tofauti ni orodha tu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la siri za watu, nami silichukulii kijuujuu. Ukijua kaya ilitumia zahanati ipi, na unajua umri wa mama na idadi ya watoto wake, katika kijiji kidogo umeshamjua. Utafiti wa afya ya uzazi huuliza pia kuhusu ukatili majumbani, na kuna tafiti ndugu zinazopima virusi vya ukimwi. Aliyeahidiwa siri apewe siri. Kwa sababu hiyo, mafaili yanayotolewa kwa umma huwa yamesogeza nukta za maeneo kwenye ramani: hadi kilometa 2 mijini, hadi kilometa 5 vijijini, na sehemu moja katika mia ya maeneo ya vijijini hadi kilometa 10. Utaratibu huo unawalinda watu na ninauunga mkono. Lakini tazameni athari yake. Kilometa 5 ndizo tunazozitumia kusema kama mwananchi yuko karibu na huduma au mbali nayo. Tukisogeza nukta kwa kipimo kilekile tunachotaka kukipima, mtafiti wa nje anabaki kupima usogezaji wetu. Suluhisho limo mikononi mwenu. Ninyi mnazo nukta halisi. Hesabuni umbali wenyewe kabla ya kusogeza chochote, unganisheni kaya na kituo ndani ya ofisi zenu, kisha toeni kwa umma matokeo ya muunganiko huo kwa mafungu mapana: umbali, kama kituo kilikuwa na mkunga, kama dawa fulani zilikuwapo, kama maji yalitoka. Namba ya kituo ibaki ndani. Mtafiti mwenye swali la kina aje kufanya kazi kwenye chumba maalumu, asitoke na faili. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inawapa tayari wajibu wa kutunza siri, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, imeongeza mlinzi wa pili. Tukisema siri inazuia muunganiko wowote, tutakuwa tumeitumia sheria kujipumzisha.

Wengine watasema hata tukiunganisha, hatutajua kipi kimesababisha kipi. Hoja hii ina nguvu, na imejadiliwa kwa takwimu zetu wenyewe: mwaka 1998, watafiti Gustavo Angeles, David Guilkey na Thomas Mroz walitumia takwimu za Tanzania kuonyesha kwamba huduma za uzazi wa mpango hazikupangwa kwa bahati nasibu. Serikali hupeleka kituo mahali kwa sababu zake, pengine kwa kuwa hali ni mbaya, pengine kwa kuwa barabara inafika, na asiyezingatia hilo atapotoka katika kukadiria manufaa ya huduma. Nakubali. Ila angalieni walivyoligundua: kwa kuunganisha kaya na huduma, na kujua huduma ilianza lini. Dawa ya upotofu huo ni kuunganisha kwa uangalifu zaidi na kurudi kwenye maeneo yaleyale, jambo ambalo Utafiti wa Kaya wa Kufuatilia umekuwa ukilifanya kwa kaya tangu 2008–09. Kituo kikifuatiliwa vivyo hivyo, tutaona kaya ikibadilika, au isibadilike, baada ya mkunga kuletwa. Na si kila swali la halmashauri ni la chanzo na matokeo. Kujua tu kwamba vituo dhaifu ndivyo vinavyotumiwa na kaya maskini kunatosha kumwambia mkurugenzi gari la dawa lianzie wapi.

Lipo pia jambo lisilosemwa kwenye mikutano: hofu ya waganga wafawidhi. Takwimu za kituo zikiunganishwa na malalamiko ya kaya, nani ataulizwa? Mara nyingi ni yule tabibu aliye peke yake, aliyeagiza dawa Bohari ya Dawa na kuletewa pungufu. Akihisi kwamba dodoso ni mtego, atawaonyesha wakaguzi rafu iliyopangwa vizuri siku ile, na takwimu zote zitaharibika. Kwa hiyo ahadi ya siri iliyotolewa kwa kaya itolewe kwa maandishi kwa kituo nacho. Matokeo yatolewe kwa ngazi ya mkoa au kundi la halmashauri, na pasiwe na barua ya karipio hata moja iliyotokana na utafiti. Ukaguzi wa kinidhamu una njia zake, na ubaki huko huko.

Mwisho, gharama na wakati. Dodoso zetu ni ndefu, wahojiwa wanachoka, wadadisi wanachoka. Ndiyo maana nimeomba namba moja, si sura mpya ya maswali, na niko tayari kuona maswali mengine yakipunguzwa kuipisha. Fedha ni suala gumu zaidi leo kuliko miaka mitatu iliyopita. Februari 2025 Marekani iliusitisha mpango wake wa kusaidia tafiti za idadi ya watu na afya (DHS), uliokuwapo tangu 1984 na uliosaidia zaidi ya tafiti 400 duniani, za kwetu zikiwamo. Hata pale wafadhili wengine walipojitokeza kuziba sehemu ya pengo, somo limebaki: mpangilio wa dodoso letu ulikuwa sehemu ya mkataba wa mwingine, na mstari ule wa jina la mahali uliandikwa kwa ajili ya nchi nyingi kwa mpigo. Sasa tutalazimika kulipia sehemu kubwa zaidi wenyewe, na anayelipa ana haki ya kuuliza anachokihitaji. Tunachokihitaji kinajulikana. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007, wenye lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, hadi vituo vya tarafa vilivyojengwa kwa tozo ya miamala ya simu ya 2021, mwananchi amechangia majengo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inamtaka sasa achangie bima, na serikali iwalipie wasio na uwezo. Kadi ya bima ina thamani ya kile kinachopatikana kwenye kituo anachoweza kukifikia mwenye kadi. Bila kuiona kaya na kituo chake kwa pamoja, tutawalipia watu mamilioni bima ya huduma ambazo hatujui kama zipo.

Ninachowaomba kinaweza kuanza bila sheria mpya. Kabla madodoso ya utafiti ujao wa afya ya uzazi na ule wa mapato na matumizi ya kaya hayajafungwa, kaeni meza moja na wizara za afya za pande zote mbili za Muungano pamoja na TAMISEMI, mkubaliane kwamba namba ya sajili ya kituo itaingia kwenye kila swali linalouliza mtu alitibiwa au alijifungulia wapi. Fanyeni jaribio katika mkoa mmoja wa Bara na mmoja wa Zanzibar, mchapishe matokeo yake pamoja na kasoro zake. Tathmini ijayo ya vituo ichukue orodha yake kutoka kwenye maeneo ya kaya zilizohojiwa. Umbali halisi uhesabiwe ndani ya ofisi zenu na kutolewa kwa mafungu. Na mdadisi atakapomuuliza mama alijifungulia wapi, jina atakaloambiwa liandikwe.